Kikombe Nilichokataa Kukizungusha

Mwezi uliopita nilikwenda kupima damu mjini Moshi, nikakaa kwenye kiti kama mgonjwa mwingine yeyote. Kijana aliyenitoa damu alikuwa na adabu. Alinipa shikamoo, akatafuta mshipa kwa utulivu, akaiweka damu yangu kwenye mashine ya kuzungusha, akafunga mfuniko na kubonyeza. Nikamwuliza, "Umeweka ya kusawazisha upande wa pili?"

Akacheka. "Bibi, hii isipokaa sawa inakataa yenyewe. Inapiga kelele, inazima."

"Na wewe huwa unakataa lini?"

Akaniangalia kama nimemwuliza kwa Kichagga. Halafu akasema, kwa upole, kwamba majibu yatakuwa tayari baada ya muda mfupi, nikapumzike kwenye benchi.

Nilipumzika, na hapo kwenye benchi nikaamua kuandika. Naandika kwa ajili yake na wenzake wote mnaovaa makoti meupe siku hizi. Kemia mnaijua kunizidi, na mashine zenu zina akili ambayo zetu hazikuwa nayo. Lakini mashine ikikataa haifukuzwi kazi. Mtu akikataa anafukuzwa. Kwa hiyo mtu anahitaji kufundishwa kukataa, na mimi sijaona chuo kinachofundisha somo hilo.

Jina langu ni Gaudensia. Nimefanya kazi ya maabara tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipogoma, sehemu kubwa nikiwa kwenye kituo kimoja cha afya cha parokia, juu huko Mwika, katikati ya migomba. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuzungusha damu. Watu wa kule walituita hivyo hivyo, "wale wa kuzungusha damu," na sentrifuji waliiita "kizungusho." Damu ikizungushwa kwa kasi, chembe nyekundu zinashuka chini ya mrija na plazma inabaki juu, ya manjano, safi, tayari kupimwa. Ndiyo kazi yenyewe. Ukiieleza inaisha kwa sentensi moja. Ukiifanya, inakula maisha yako yote.

Sisi wa mlimani tunaijua damu kabla hatujaanza shule. Mbuzi akichinjwa mgombani, damu yake inakingwa kwenye sufuria, na mtu mmoja anapewa kazi ya kuikoroga bila kuacha ili isigande. Ikiganda hakuna kisusio, na bila supu hiyo ya damu wanaume wanakwenda nyumbani wamenuna. Kwetu mkorogaji alikuwa baba. Alikoroga kwa nguvu, kijiti kikigonga sufuria, huku akibishana na shemeji zake juu ya bei ya kahawa.

Basi wiki yangu ya kwanza kazini nikapewa mirija yenye dawa ya kuzuia damu isigande, nikaambiwa, "Ukishaweka damu, changanya." Nikachanganya kama baba. Nilitikisa ile mirija mpaka bega likauma. Tulipoizungusha, plazma ikatoka nyekundu, maana chembe nilikuwa nimezipasua zote. Mwalimu wangu, Bwana Apolinari, aliinua mrija mmoja dirishani akautazama kwa muda mrefu.

"Gaudensia," akasema, "umetupikia kisusio?"

Mchana kutwa walinicheka. Kila aliyepita mlangoni aliuliza kama kuna chumvi. Lakini baada ya hapo Apolinari alichukua mrija mwingine, akaupindua taratibu, akaurudisha, akaupindua tena. "Hivi," akasema. "Kama unavyomgeuza mtoto aliyelala." Sijawahi kusikia maelekezo bora kuliko hayo kwenye semina yoyote, na semina nimekaa nyingi.

Apolinari alikuwa mrefu, koti lake limepigwa pasi hata siku za mvua, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa laini kama cha kitoto kichanga. Alama zote zilikuwa zimefutika. Miaka mingi alikuwa akisimamisha kichwa cha mashine kwa kukigusa na kidole kile kabla hakijasimama chenyewe, kwa sababu ya haraka. Alisema siku akiamua kuwa mwizi, polisi watapata taabu. Kisha alikuwa anabadilisha uso. "Nimechoma kidole changu bure," alisema. "Ukiisimamisha kwa nguvu, plazma inatikisika, zile chembe zinaanza kupanda tena. Unafikiri umeokoa muda, kumbe umeutupa. Iache ichoke yenyewe."

Wakati huo tulikuwa na mashine ya mkono, imebanwa ukingoni mwa meza kama ile ya kusagia nyama. Unashika mpini, unazungusha. Umeme ulipokuwepo tulikuwa na nyingine ndogo, ya zamani, yenye mlio kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulipima muda kwa Litania ya Watakatifu. Nzima, bila kuruka mtakatifu. Daktari akichungulia dirishani na kuuliza, "Mmefika wapi?" tulimjibu, "Tuko kwa mashahidi," naye alijua kwamba bado.

Sheria ya kwanza ya kazi ile ilikuwa uzito. Kila mrija una mwenzake upande wa pili, na wawili hao lazima walingane kwenye mizani. Tuliamini mizani tu. Jicho la mtu linaona kimo cha damu ndani ya mrija, halioni unene wa kioo. Ukiwa na mrija mmoja tu wa mgonjwa, unajaza maji kwenye mwingine, tone kwa tone, mpaka mizani inyamaze. Mashine isiyo na uzito sawa inaanza kwa kutikisika, halafu inatembea mezani kama mlevi, halafu hujui itafanya nini.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Ilikuwa ile miaka milango ya biashara ilipofunguliwa. Mliozaliwa baadaye hamuwezi kujua maduka ya Moshi yalivyobadilika. Sabuni iliyokuwa ikitafutwa kwa kujuana ikawa imepangwa kwenye rafu kwa rangi zake. Nguo za mitumba zikajaa sokoni, na baada ya nguo vikaja vyote: friji za mitumba, pikipiki za mitumba, hata vitanda vya hospitali. Upande mwingine, bei ya kahawa ilianguka, watu wakaanza kung'oa mibuni ambayo babu zao waliipanda, na kwenye ofisi za umma na viwandani wafanyakazi walipunguzwa. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyerudi na sanduku lake. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukitulisha.

Kituoni kwetu shida ilikuwa kasi. Nitamtaja mtu mmoja ili muelewe. Mama Yustina, mjane, alikaa juu kabisa karibu na msitu na alikuwa na kisukari. Alishuka kwa miguu asubuhi, tukamtoa damu, damu ikasubiri zamu yake nyuma ya damu za wenzake. Mnajua kinachotokea. Damu ikikaa bila kutenganishwa, zile chembe zinaendelea kula sukari iliyomo. Ukija kupima baadaye unakuta sukari ndogo kuliko aliyokuja nayo mgonjwa. Kwa hiyo wale wa mwisho kwenye foleni tuliwaambia warudi kesho, waje mapema zaidi. Mara nyingi wa mwisho alikuwa yeye, kwa sababu alitoka mbali kuliko wote.

Mwenyekiti wa kamati ya kituo, Bwana Kalisti, aliamua kwamba hali hiyo iishe. Msimwone mtu mbaya. Mke wake naye alikuwa na kisukari, na yeye ndiye aliyekuwa akimshusha na kumpandisha ule mlima. Alipita jumuiya kwa jumuiya akiomba. Watu walitoa walichonacho: kuku, mikungu ya ndizi, debe la mahindi. Mama Yustina alitoa mkungu wake mkubwa wa ndizi za mshare. Kikundi kimoja cha wanaume walitoa pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, liuzwe, wakalinunua wenyewe na kulinywa, na wakasema wamechangia mara mbili.

Sentrifuji ikaja kutoka nje, iliyotumika, ikiwa kwenye sanduku la mbao. Ilikuwa kubwa, nzito, yenye mfuniko wa chuma ambao komeo lake lilikuwa limelegea. Kazi tuliyoifanya kwa litania nzima, hii iliweza kuifanya kabla hujafika kwa malaika. Ilikuwa na kichwa cha mikono miwili, na kila mkono hubeba kikombe cha chuma kinachoingia mirija kadhaa. Tulipotoa majani yote yaliyofungiwa ndani ya sanduku tukakuta kikombe kimoja. Cha pili hakikuwemo. Apolinari aliingiza mkono mpaka begani, akakagua pembe zote.

"Mashine ya vikombe viwili," akasema, "imekuja na kimoja. Ni kama kununua suruali ya mguu mmoja."

Muuzaji alipoulizwa alisema kikombe kitatafutwa, tuwe na subira, kinaweza kuchukua miezi. Kalisti hakuwa na subira. Sherehe ya kuizindua ilikuwa imeshatangazwa kanisani, na mgeni rasmi amekubali. Akachukua kile kikombe kimoja, akakishusha mjini kwa Fundi Mwakalinga.

Mwakalinga alikuwa mtu wa Mbeya, alikuja zamani kufanya kazi kwenye karakana za mashamba ya miwa kusini mwa mji. Alipopunguzwa kazi alifungua karakana yake mwenyewe, na hakukuwa na kitu cha chuma kilichoushinda mkono wake. Alirudi na vikombe viwili, akaviweka mezani kwangu. "Tambua cha kwangu," akasema.

Kwa kweli sikuweza, mpaka nilipovishika. Chake kilikuwa chepesi kidogo. Niliviweka kwenye mizani na mizani ikamsema. Hakukasirika. Aliyeyusha madini ya risasi kidogo, akaimimina chini ya kikombe, akapima, akakwangua, akapima tena mpaka mshale ukasimama katikati.

"Haya, mama. Mizani yako imenyamaza."

Nilikigeuza. Kila kikombe kina masikio mawili pembeni, na kinaning'inia kwenye mkono wa mashine kwa masikio hayo. Kile cha asili kilikuwa kimetengenezwa kwa kipande kimoja, masikio na mwili ni chuma kilekile. Cha Mwakalinga masikio yalikuwa yamechomelewa. Alikuwa ameyapiga tupa vizuri sana, lakini ukipitisha ukucha ulisikia mshono.

"Kwa nini hukukereza kipande kimoja?"

"Chuma cha unene huo sikukipata, Moshi nzima. Lakini hapo pameshika. Piga nyundo."

"Sitapiga nyundo. Nyundo inagonga mara moja."

Kalisti alikuwa amesimama pale. "Mae," akaniambia, yaani mama kwa Kichagga, na akiniita hivyo ujue anajizuia, "ulisema uzito. Uzito umekuwa sawa. Sasa unataka nini?"

Nikatafuta jinsi ya kusema. Kikombe kinachokaa kwenye kiganja, kikizungushwa kwa kasi ile, kinavuta nje kwa nguvu kama magunia ya kahawa yaliyojaa. Nikawaambia hivyo. "Bwana Kalisti, chukua magunia mawili ya kahawa uyaning'inize darini kwa haya masikio mawili. Utakubali kukaa chini yake unywe chai?"

"Kwa kazi ya Mwakalinga, nitakaa."

"Na mke wako utamkalisha?"

Mwakalinga ndiye aliyejibu, na sasa alikuwa amekasirika. "Mama, mimi nimechomelea shafti za kiwanda cha sukari. Zinazunguka mchana kutwa. Nani amekufa?"

"Zinazunguka kwa kasi hii?"

"Zinabeba zaidi ya hii!"

"Sikuuliza zinabeba nini, fundi."

"Basi tuijaribu," akasema Kalisti. "Leo, sisi wenyewe, kabla ya mgeni. Ikikaa, imekaa."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu nanyi mtaambiwa hivyo. Jaribio la leo lingetuambia habari ya leo tu. Mshono unaweza kushika leo, ukashika kesho, huku ndani unachoka mahali ambapo jicho halifiki, na siku unapoachia hautoi taarifa. Na mfuniko wetu ulikuwa na komeo lililolegea. Kikombe kingetoka pale kama risasi na kupita ndani ya chumba kidogo chenye watu. Niliyasema yote hayo. Kalisti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama sitaiwasha mimi, mkono mwingine utaiwasha.

Alipoondoka nilimgeukia Apolinari. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa anafuta miwani yake.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ningeiwasha," akasema, "halafu ningesimama nje."

"Na walioko ndani?"

Aliendelea kufuta miwani.

Asubuhi ya sherehe nilifika mapema, nikachomoa waya ukutani, nikachukua spana, nikafungua nati inayoshikilia kichwa cha mashine na kuitia mfukoni mwa koti. Bila nati ile hakuna wa kuizungusha, awe mwenyekiti au askofu. Kisha nikafagia chumba, nikapanga mirija, nikakaa.

Mgeni rasmi alikuja na hotuba fupi, Mungu ambariki. Padre akainyunyizia mashine maji ya baraka. Watoto wa chekechea waliingizwa ndani waimbe, wakapangwa mbele kabisa, vidole vyao vimeshika ukingo wa meza ile ile iliyobeba mashine. Waliokosa nafasi walichungulia madirishani. Mama Yustina alikuwa kwenye mlango, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Mwakalinga alisimama karibu naye, amevaa shati jeupe.

Kalisti akasema kwa sauti ya sherehe, "Sasa Mama Gaudensia atatuwashia, mgeni wetu aone jasho la wananchi linavyozunguka."

Nikasema, "Siwashi."

Walidhani hawakusikia. Kalisti akasogea, akanong'ona huku anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Dakika moja tu. Bila damu. Vikombe vitupu."

"Kikitoka kitupu kinaua vilevile. Kwanza watoe hawa watoto mezani."

Hilo nililisema kwa sauti, na chumba kikasikia. Kelele zikaanza.

"Anataka kuombwa kwa magoti!"

"Ameshapata kazi mjini huyo, hana haja na sisi."

"Ni wivu! Mashine inamaliza kazi yake."

Yote hayo niliyavumilia. Aliyenichoma moyo ni Mama Yustina. Hakupiga kelele. Alisema kutoka pale mlangoni, "Mama, mimi nilitoa mkungu wangu kwa ajili ya hiyo. Na leo nimeshuka na damu yangu, nikijua nitapata majibu leo. Unanirudisha tena?"

"Nakurudisha, mama," nikamwambia. "Nakurudisha ukiwa na macho yako yote mawili."

Akaniangalia. Sikuona kama ameelewa, na sikuwa na haki ya kutaka aelewe. Alikuwa na mlima wa kupanda.

Kalisti aliacha kutabasamu. Alifungua mfuniko ili aiwashe mwenyewe, akaona kichwa kimekaa bila nati. "Iko wapi?"

"Ninayo."

"Ilete."

"Toa kikombe kile kwanza."

"Gaudensia, hii ni mali ya watu."

"Na hawa ni watoto wa watu."

Tukasimama hivyo, yeye ameshika mfuniko, mimi nimeshika mfuko. Mgeni rasmi alianza kuangalia viatu vyake. Siwezi kuwaambia ingeishaje. Kalisti alikuwa na nguvu kuliko mimi, na nyuma yake alikuwa na watu wote waliochangia. Aliyetumalizia ni Mwakalinga. Alipenya katikati ya watu, akafika mezani, akaingiza mkono ndani ya mashine na kung'oa kikombe alichokitengeneza.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nachukua kazi yangu. Kazi yangu haikai mahali inapotukanwa mbele za watu." Akanigeukia. "Wewe mama una mdomo."

Akatoka nacho mkononi. Hakuwa amekubaliana nami hata kidogo. Alikuwa amechukia, na chuki yake ikanisaidia kuliko maneno yangu yote. Nikatoa nati, nikaiweka mezani mbele ya Kalisti, nikawaambia watoto waimbe wimbo mmoja zaidi nje, kwenye jua. Waliimba.

Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniita ofisini. Apolinari alinisindikiza mpaka getini akibeba mfuko wangu, na njia nzima alizungumzia mvua. Nyumbani mume wangu alisema, "Ungewasha, ukasogea pembeni." Nikamwuliza kama wanaume wote wa mlima huu wamefundishwa na mwalimu mmoja. Tuliuza mbuzi, halafu tukauza mwingine, halafu nikapata kazi kwenye mji mdogo wa Kwa Sadala, katika maabara ndogo ya mtu binafsi iliyobanwa kati ya duka la pembejeo na kinyozi. Siku za soko foleni ilifika barabarani. Nilifanya kazi pale mpaka mwisho.

Kikombe halisi kilikuja baada ya masika, mimi nikiwa sipo. Nilisikia mashine inazunguka vizuri sana, na kwamba Mama Yustina sasa anapata majibu kabla jua halijawa kali. Nilifurahi na bado nafurahi. Mwakalinga nilikutana naye sokoni mara kadhaa, na alikuwa akipita upande wa pili wa njia. Mtu mmoja aliniambia kile kikombe amekifanya cha kuwekea misumari.

Nimekuwa nikiulizwa na watu wa umri wenu kama sikujuta. Kujuta nini? Siku moja mtu mnayemheshimu atawaambia "dakika moja tu." Atakuwa na sababu nzuri, tena za kweli. Watu watakuwa wamesubiri, wamechanga, wamechoka. Hamtakuwa na uthibitisho wowote mkononi, mtakuwa na mshono mdogo mlioupitishia ukucha. Kazi yetu ikifanywa sawasawa, kinachotokea ni kwamba hakuna kilichotokea, na kwa hilo hupigiwi makofi. Wengi wenu mtawasha na kusogea pembeni. Siwalaumu, nawajua walionilea. Lakini msije mkasema hamkuambiwa kwamba inawezekana kukaa pale pale na kusema siwashi.

Kalisti bado yuko hai. Mke wake alikwishatangulia. Mwaka huu tulikutana kwenye msiba Mwika, tukapewa viti vya jirani, wazee wawili wenye fimbo. Alinisalimia, tukaulizana habari za wajukuu. Chakula kilipopita akainamia upande wangu.

"Ulinitia aibu siku ile, Mae."

"Nilikutia."

"Mgeni hakurudi tena."

"Nilisikia."

Akachora chini kwa fimbo. "Sasa sote tumezeeka, hakuna anayetusikia. Niambie ukweli. Kile kikombe kingeruka?"

"Sijui."

Akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Hujui? Umenifanya vile mbele ya parokia nzima, na hujui?"

"Sijui, Bwana Kalisti," nikamwambia. "Ndiyo maana sikuwasha."